Kanuni ninazo kichwani, i'rab inanishinda

Assalaam alaykum Mwalimu, na shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 17. Nyumbani ni Pemba, lakini nasoma Unguja na nakaa dahalia. Mwezi wa kwanza naingia kidato cha nne, na Kiarabu ni miongoni mwa masomo nitakayofanyia mtihani wa taifa. Tumefunga skuli, nimerudi nyumbani kwa likizo ya Disemba.

Kabla hatujaondoka, ustadhi wetu alisema hataki turudi Januari tumesahau nahau yote, yaani kanuni za sentensi ya Kiarabu, kama mwaka jana. Akafungua grupu la WhatsApp. Humo anatuma PDF za vitabu vinavyoifafanua Ajurrumiyya, ile matni fupi ya nahau tunayoihifadhi, video za YouTube za masheikh wa Misri za dakika arubaini, na picha za majedwali. Tupo wanafunzi 58. Kila akituma kitu, watu wanajaza "jazakallahu khayran ustadh", kisha kimya. Sijaona aliyeuliza suali.

Simu si yangu, ni ya mama. Yeye anauza samaki sokoni Chake Chake, kwa hiyo mimi naipata baina ya Magharibi na Isha tu. Bando ananunua la siku, na video moja inalimaliza. Mchana tuko kwenye karafuu, na usiku tunakaa jamvini kuchambua.

Wiki iliyopita ustadhi alitutaka tuandike kwa Kiarabu "nilimwona baba yako sokoni". Nikaandika "raaytu abuuka fis-suuq" na nikatia irabu zote, zile haraka za a, i na u, hata herufi moja sikuiacha. Mvulana mmoja akaweka vikaragosi vya kucheka, wenzake wakafuata. Ustadhi akaandika: "Umetia haraka, hujafanya i'rab. Na abuuka si sahihi." Nikaufuta ujumbe wangu, na tangu siku hiyo sijaandika tena kitu.

Kinachoniuma ni kuwa matni nimeihifadhi. Hata ukiniamsha usiku nitakusomea: wa ammal-alifu fatakuunu 'alaamatan lin-nasbi fil-asmaail-khamsa, nahwa raaytu abaaka wa akhaaka, yaani alif huwa alama ya nasb (hali ya jina, kama la aliyetendwa) katika majina matano, mfano nimemwona baba yako na ndugu yako. Mfano wenyewe umo kwenye matni ninayoijua kwa moyo, na bado nikakosea.

Nikajaribu programu ya akili mnemba kwenye simu ya kaka yangu. Nikaiuliza kuhusu "inna abii yad'uuka" (hakika baba yangu anakuita) ya Suratul Qasas: neno inna linalitia nasb jina linalolifuata, mbona isiwe abaa? Siku ya kwanza ikanambia abii imenasibiwa kwa yaa. Siku ya pili, suali lile lile, ikanambia imenasibiwa kwa fat-ha isiyoonekana. Mara zote mbili ilijibu kama sheikh mwenye uhakika.

Mwalimu, nitarudiaje masomo kwa simu ya mama na kwa muda huu mdogo, nisirudi skuli mtupu? Na hiyo abii, jawabu sahihi ni lipi?

Mwanafunzi, Pemba

*

Waalaykum salaam wa rahmatullah. Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, maana kosa lako limebeba nusu ya jawabu. Unasema ulitia irabu zote na ustadhi akakwambia hujafanya i'rab. Hapo mlikuwa mnazungumza vitu viwili kwa neno moja. Kwenye somo la Kiswahili umefundishwa tangu mdogo kwamba irabu ni a, e, i, o, u. Kwa hiyo ukisikia i'rab, akili inakwenda kwenye haraka, yaani fat-ha (a), kasra (i) na dhamma (u), na unaona kazi imekwisha ukishazipanga juu na chini ya herufi. Kwa watu wa nahau, i'rab ni kule kubadilika kwa mwisho wa neno kutokana na kilicholiingilia katika sentensi. Haraka za mwanzo na katikati hazimo. Katika neno kitaab, kasra ya kaaf haiondoki neno likae popote. Inayogeuka ni baa ya mwisho.

Kiswahili kimeyachukua maneno haya na kuyapa kazi nyengine. Nahau, mwalimu wako wa Kiswahili anaitumia kwa misemo kama "kupiga moyo konde". Sarufi, ambayo kwa Waarabu ni elimu ya maumbo ya neno, kwetu imekuwa jina la kanuni zote za lugha. Lugha ina haki ya kufanya hivyo. Lakini mwanafunzi anayesoma masomo yote mawili anastahiki kuelezwa siku ya kwanza, na naona wewe hukuelezwa.

Jambo la pili limejificha zaidi. Sisi tunaosema Kiswahili hatukuzoea kutazama mwisho wa jina, maana baba kwetu ni baba tu, popote alipo. Sasa chukua msahafu, fungua Suratu Yusuf. Aya ya 16: wa jaauu abaahum 'ishaa-an yabkuun, wakamjia baba yao usiku wakilia. Aya ya 63: falammaa raja'uu ilaa abiihim, waliporejea kwa baba yao. Aya ya 94: qaala abuuhum, baba yao akasema, na hapo ndipo anaposema kwamba anaipata harufu ya Yusuf. Mtu ni mmoja, Nabii Yaaqub. Nimeandika "baba yao" mara tatu kwa Kiswahili na haikugeuka herufi hata moja, kwa sababu sisi kazi ya kueleza nani kamwendea nani tumekipa kitenzi, ile "m" ya wakamjia, au tumeipa "kwa". Mwarabu anaiweka mwishoni mwa jina lenyewe: abaa, abii, abuu. Zisome aya hizo kwa sauti, polepole, siku tatu mfululizo, mpaka sikio lenyewe likatae kusikia abuuhum mahali pa abaahum. Sikio likishakataa, kanuni uliyoihifadhi inapata pa kukaa.

Kwa nini basi uliandika abuuka? Nadhani uliona ni miongoni mwa yale majina matano, ukalichukua jina kwa sura iliyo mwanzo wa orodha uliyoihifadhi: abuuka, akhuuka, hamuuka, fuuka, dhuu maal. Uliruka hatua. Mimi nawafundisha wanafunzi wangu wajiulize masuali manne, na wajiulize kwa Kiswahili, kwa sababu mtu hufikiri vizuri kwa lugha aliyonyonya. Neno hili ni aina gani? Lina kazi gani hapa? Kazi hiyo inataka hali gani? Na neno kama hili huionyesha hali hiyo kwa alama gani? Wengi wanatoka suali la kwanza wanarukia la nne. Wanajua ni jina, wanatafuta alama, na hawajui wanaitafutia nini.

Tuifanye sentensi yako. Raaytu, nimeona, mwenye kuona ni mimi, na nimo tayari ndani ya ile tu ya mwisho, basi mtendaji keshapatikana. Linalofuata ni aba-. Ni aina gani? Jina. Lina kazi gani? Ndiye aliyeonwa, maf'uulun bihi. Kazi hiyo inataka hali gani? Nasb. Na jina hili, kwa kuwa ni moja katika majina matano na limeungwa na kaaf, ile -ka ya "yako", huonyesha nasb kwa alama gani? Kwa alif. Abaaka. Sasa ndipo unapofungua mdomo kwa Kiarabu, kama ustadhi anavyotaka: maf'uulun bihi mansuub, wa 'alaamatu nasbihi al-alif, niyaabatan 'anil-fat-ha, li-annahu minal-asmaail-khamsa, wa huwa mudhaaf, wal-kaaf dhamiirun muttasil fii mahalli jarrin mudhaafun ilayhi. Yaani: ni mtendwa aliyenasibiwa, alama yake ni alif badala ya fat-ha, kwa kuwa ni moja katika majina matano, nalo limeungwa na ile kaaf. Ukifika kusema hayo bila ya kutazama daftari, umefanya i'rab. Haraka utazitia baadaye na hazitakupiga chenga.

Nije kwenye simu.

Mwaka 2020 skuli zilipofungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya korona, na mimi nilifanya kama anavyofanya ustadhi wako. Nilituma kila nilichokuwa nacho. Vitabu vizima, video, majedwali ya rangi. Tuliporudi darasani nikaandika ubaoni sentensi ya maneno matatu na darasa zima likanitazama. Lakini palikuwa na msichana mmoja ambaye hakuwa na bando la kufungulia mafaili hayo. Yeye kila usiku alikuwa ananitumia sauti yake ya dakika moja akifanya i'rab ya sentensi moja kutoka kitabu cha darasani, na mimi namjibu kwa sauti, "hapo rudia, kazi yake ni nini?" Huyo ndiye aliyenyanyua mkono. Nimefundisha Kiarabu miaka mingi, na jambo hilo lilinigeuza.

Fikiri matni yenyewe ilivyosomwa. Ibn Aajurruum aliyeitunga alifariki Fez, huko Moroko, mwaka 1323. Kwa miaka 700 watu wameipokea magotini kwa mwalimu: mwanafunzi anafungua mdomo, anakosea, anakatizwa, anarudia. Huku kwetu chuoni ilikuwa ndivyo na mahali pengine bado ni ndivyo. Kinachokatika wakati wa likizo ni kule kufungua mdomo mbele ya mtu anayejua na kurudishwa palepale unapoteleza. Vitabu huvikosi, unavyo. Kwa hiyo simu ya mama yako iifanyie kazi hiyo moja: ipeleke sauti yako na ilete ya mwalimu.

Na kwa bahati hiyo ndiyo kazi yenye bei ndogo. Sauti ya dakika moja kwenye WhatsApp haifiki hata nusu ya megabaiti, wakati video ya dakika arubaini inakula bando la mama na kesho hana la kupigia wateja wake. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, zima kule kupakua picha, video na mafaili kwa kujiendesha, utaona bando linavyokaa. PDF usizifungue. Una matni kichwani na daftari la darasani, na kwa wiki sita zinatosha kabisa.

Usiku, ukishaswali Magharibi, sikiliza kwanza jawabu la jana. Lisikilize mara mbili, na pale uliporekebishwa paandike kwenye daftari kwa mkono. Kisha rekodi i'rab ya leo. Kuna jambo dogo litakalokusaidia: WhatsApp inakuruhusu kujitumia ujumbe wewe mwenyewe. Rekodi hapo kwanza, ujisikilize, na ukiona umeteleza rekodi tena. Ukiridhika ndipo umpelekee mwalimu. Wanafunzi wengi hugundua kosa lao wenyewe kwa kujisikia tu, kabla ya mtu mwengine kusema neno. Mwisho, nakili kwa mkono sentensi ya kesho na umrudishie mama simu yake. Haya yote ni robo saa, au zaidi kidogo.

Sentensi ya kesho unaifanya mchana bila ya simu, na hapa nakutaka uwe mkali na nafsi yako. Iandike kwa kalamu. Usiiandike kwenye simu, kwa sababu kibodi ya Kiarabu inakutangulia na maneno yaliyokwisha kuumbwa, tena bila ya haraka za mwisho, na mwisho wa neno ndio hasa tunaoutafuta. Ustadhi akitaka kuona maandishi, piga picha ukurasa wa daftari.

Halafu umetaja jamvi la karafuu, na umelitaja kama kizuizi. Mimi naliona ni darasa. Mikono inachambua, mdomo uko huru. Mfundishe mama yako, au ndugu yako mdogo, yale masuali manne ya Kiswahili. Hawahitaji kujua nahau hata chembe. Wewe unataja neno, yeye anauliza: aina gani? Kazi gani? Hali gani? Alama gani? Ukipata kigugumizi kwenye suali la pili atajua, hata kama hajui jawabu, na wewe utajua kuwa hapo ndipo pa kurekodi usiku. Vidole vyako vinajua karafuu inaishia wapi na kikonyo kinaanzia wapi bila ya taa. Mwisho wa neno nao ushike hivyo hivyo, kwa mazoea ya kila siku, kidogo kidogo.

Wapo watakaokwambia uweke programu ya kadi, kama AnkiDroid. Ni nzuri, ni ya bure kwenye Android, inafanya kazi bila ya intaneti, na inakuletea tena kadi uliyokosea mapema kuliko uliyoipata. Ukipata simu yako mwenyewe, itumie. Kwa sasa kata karatasi za daftari, upande mmoja andika sentensi na upigie mstari neno moja, upande wa pili andika i'rab yake. Tafuta makopo matatu. Kadi uliyoipata ihamie kopo la pili, la kutazamwa baada ya siku tatu. Ukiipata tena iende la tatu, la kila Ijumaa. Uliyokosea irudi la kwanza. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi programu, ila hutaomba simu ya mtu.

Sasa lile la kuchekwa. Mwanangu, uliyeandika ni wewe peke yako katika watu 58. Waliocheka hawakuandika kitu, na sina hakika wangapi kati yao wangeandika abaaka. Ulifuta ujumbe, sawa, lakini kosa lile lilikuwa na faida kwa grupu zima na ningependa lingebaki. Hata hivyo sikulazimishi urudi kusema mbele ya wote. Grupu la watu wengi ni mahali pa matangazo. Nahau inataka wachache. Chagua wasichana wawili mnaoaminiana katika darasa lenu, mfanye grupu lenu la watatu, kila mmoja atume i'rab yake na kila mmoja asahihishe ya mwenzake kabla haijapelekwa mbele. Kumsahihisha mwenzio kunafundisha kuliko kusahihishwa; utalazimika kusema kwa nini. Na kama nyumbani hawaoni vyema msichana kumrekodia ustadhi mwanamme, mwambieni ustadhi waziwazi awatafutie ustadha mmoja wa kuzipokea sauti zenu. Mweleze na mama unachofanya. Simu ni yake, na ukimsikilizisha sauti yako ukifanya i'rab ya aya ya Suratu Yusuf, hatakunyima muda.

Naomba niseme neno na maustadhi wanaosoma hapa, kwa heshima. Juhudi ya kufungua grupu likizoni ni kubwa, na wengi mnaifanya bila ya malipo. Lakini "jazakallahu khayran" hamsini hazikuonyeshi nani kafahamu. Tuma sentensi moja kwa siku, ya maneno manne au matano. Eleza kwa sauti yako, dakika tatu, kwa sababu mwanafunzi wako anaijua sauti hiyo na anaisikia kama yupo darasani. Wagawe watatu watatu. Kama mko Telegram, zipo kura za maswali zinazomwonyesha mwanafunzi jawabu sahihi papo hapo, na zinaweza kujibiwa bila ya jina kuonekana. Hizo ni msaada mkubwa kwa wenye haya. Na anayemcheka aliyekosea asiachwe akapita hivi hivi. Kicheko kimoja kinafunga midomo hamsini.

Ijumaa moja moja, mama akiwa na bando la kutosha, nataka ufungue tovuti ya Quranic Arabic Corpus. Ni kazi iliyofanywa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na Kais Dukes. Imeyachukua maneno ya Qurani yote, 77,430, ikayachambua moja moja: hili jina marfuu', hili kitendo kilichopita, hii harfu ya jarr. Maelezo ni kwa Kiingereza na Kiarabu, na kurasa zake ni nyepesi. Ila ifungue daftari likiwa limeshajazwa. Ukiangalia kwanza, utakubaliana na kila kitu na hutokuwa umefanya chochote. Ukifanya kwanza, macho yatakwenda moja kwa moja kwenye neno mlilotofautiana, na hilo ndilo la kumpelekea mwalimu. Kwa maana ya aya, tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy iliyotoka 1969 bado ipo majumbani mwetu wengi. Ukishafahamu nani kamfanya nini nani, suali la pili linakuwa limejibika.

Programu za akili mnemba nazo naziweka hapo hapo, baada ya daftari. Hata hivyo zina ila kubwa zaidi: hazikwambii zinapobahatisha. Ukizipa neno كتب lisilo na haraka, zinaweza kulisoma kataba, kutiba au kutub, na kila usomaji una i'rab yake, na jawabu litakuja kwa sauti ile ile ya uhakika. Wewe uliuliza mara mbili ukaona majawabu mawili, na ukashtuka. Ulifanya vyema sana. Mwenzako aliyeuliza mara moja alilala na kosa.

Lililo sahihi ni la siku ya pili. Abii imenasibiwa kwa fat-ha isiyoonekana. Na dalili unayo katika vitu ulivyokwisha kuvihifadhi. Majina matano huonyesha hali zake kwa waaw, alif na yaa kwa sharti ya kuungwa na kisichokuwa yaa ya msemaji, yaani ile yaa ya "-angu". Likiungwa na yaa hiyo, jina linatoka katika hukumu ile na kurejea kwenye haraka za kawaida. Lakini haraka hizo hazina pa kukaa, kwa sababu herufi iliyo kabla ya yaa ya msemaji haina budi kubeba kasra ili iafikiane nayo. Fat-ha ya nasb ipo kwa hukumu, na nafasi yake imekaliwa. Ndiyo maana matni ilipoieleza i'rab ilimalizia kwa maneno lafdhan au taqdiiran, kwa kutamkika au kwa kukadiriwa. Umeyasoma maneno hayo mara ngapi? Abii ni ile taqdiiran.

Na kuna jambo kwenye sura hiyo hiyo ambalo programu haikukutajia. Aliyesema "inna abii yad'uuka" katika aya ya 25 ni mmoja wa wale mabinti wawili ambao Nabii Musa aliwanyweshea wanyama wao. Rudi aya mbili nyuma, ya 23. Mabinti hao hao, wanamtaja baba huyo huyo, wanasema: wa abuunaa shaykhun kabiir, na baba yetu ni mzee sana. Hapo waaw imejitokeza wazi, kwa sababu jina limeungwa na naa, ile ya "yetu". Anza usiku wa leo na hiyo abuunaa. Ipitishe kwenye masuali manne jamvini, kisha jirekodi, na sauti hiyo iwe ya kwanza kuwapelekea wale wenzako wawili.